Ringi ya tatu

Ruaha Mbuyuni watu husimama kununua vitunguu. Mimi nilisimama kwa sababu utingo wa lori lililonifuata tangu juu ya mlima Kitonga alikuwa ananipungia mkono kama anayefukuza kuku. Lori likaegesha nyuma yangu, akaruka chini, akaja hadi dirishani.

"Dada, gari yako inakula oili. Pale chini ya mlima ulipokanyaga mafuta umetupigia wingu la bluu, dereva kashindwa kuona njia."

Nikamwambia labda ni vumbi. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayekataa kwamba ana malaria huku anatetemeka, kisha akaenda zake kutafuta chai.

Nikafungua boneti, nikaacha injini itulie dakika kumi, nikajifanya nachagua vitunguu. Niliporudi nikavuta stiki ya kupimia oili, nikaifuta, nikairudisha, nikaivuta tena. Kavu. Sisemi ilikuwa chini ya alama. Ncha yenyewe haikuwa na hata unyevu. Na kwenye dashibodi, kutoka Iringa hadi pale, hakuna taa iliyowaka.

Hilo la taa ndilo lililonitisha kuliko stiki. Miaka yote niliamini kwamba ile taa nyekundu yenye umbo la birika ipo kunijulisha oili ikipungua. Kumbe kwenye magari mengi haipimi wingi wa oili hata kidogo. Inapima presha. Pampu itaendelea kuvuta kutoka chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, hata kikibaki kidogo sana, na presha itakuwepo. Siku taa itakapopepesa kwenye kona, pampu imeshaanza kuvuta hewa na vyuma vinasuguana. Sampu ya gari langu inachukua lita 3.7. Pale Ruaha Mbuyuni nilimimina lita 1.8 ndipo alama ya juu ikafikiwa. Nimeshuka Kitonga na nusu ya oili.

Gari lenyewe ni sedani ya Kijapani ya mwaka 2003, injini ya 1.8, namba C. Siku ile lilisoma kilomita 214,300, na hizo ni zile zinazosomeka, za kabla ya meli mimi sikuwepo.

Dar nilienda gereji nikiwa na shemeji yangu. Fundi akawasha injini, akakanyaga mara mbili, akanusa moshi, akamgeukia shemeji: "Bosi, ringi zimekwisha. Tushushe injini." Ringi ni zile pete za chuma zinazozunguka pistoni. Shemeji hana hata leseni wakati huo, lakini ni mwanaume, basi akapewa yeye majibu ya ugonjwa wa gari langu. Bei ya ovahoo ilikuwa milioni 1.4. Injini ya mtumba ingefika milioni 1.8, na hiyo nayo unanunua kwa imani, kwa sababu muuzaji anaiwasha sekunde ishirini tu ikiwa imelala juu ya tairi.

Nikauliza swali moja: inakula kiasi gani? Fundi akasema, "Nyingi."

"Nyingi" si kipimo. Nikarudi nyumbani nikanunua daftari.

Kama gari lako linakula oili, kabla hujampa fundi yeyote hata shilingi, fanya hili. Tafuta sehemu ya usawa, si ile ya mbele ya geti yenye mteremko. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, kila mara palepale. Stiki ikitoka ina oili upande mmoja juu zaidi ya mwingine, soma upande wa chini. Jaza hadi alama ya juu kabisa, andika kilomita, kisha kila unapoongeza ongeza kwa kitu chenye mistari. Mimi nilitumia chupa ya mtoto ya maziwa iliyostaafu. Kwa chupa ile niligundua kwamba kati ya alama ya chini na ya juu kwenye stiki yangu ni mililita 900. Tangu hapo nikawa nasoma stiki kama sheli wanavyosoma pampu.

Daftari lilinionyesha jambo la ajabu mapema. Wiki mbili za foleni za Tabata na Buguruni, oili haikushuka. Nikaanza kumcheka utingo. Kisha nikaenda Morogoro na kurudi, kama kilomita 400, ikashuka mililita 600 kwa mpigo. Maelezo yake ni rahisi ukiyajua: kwenye safari fupi injini haipati joto la kutosha, petroli kidogo na unyevu vinateremka kwenye oili na kujaza nafasi ya ile iliyoungua. Stiki inakudanganya kwamba kiko palepale. Ukikamata barabara ndefu vyote vinakauka, na unaona pengo la wiki mbili kwa siku moja. Kwa hiyo kipimo cha kilomita 200 za mjini ni uongo. Nenda hadi 1,000, zikiwemo za safari.

Hesabu yangu ya kwanza kamili: lita 1 kwa kilomita 950.

Je, hiyo ni nyingi? Inategemea nani anajibu. Vitabu vingi vya magari ya Toyota huandika kwamba injini inaweza kutumia hadi lita 1 kwa kilomita 1,000. Lakini mwaka 2011 kampuni hiyohiyo iliwatumia wauzaji wake wa Marekani waraka kuhusu injini ya 2AZ-FE, ambayo hapa kwetu tunaijua ndani ya Harrier, Alphard na Vanguard. Huko walisema gari likimaliza kwati moja, kama lita 0.95 hivi, kabla ya maili 1,200, basi lifunguliwe, libadilishwe pistoni na ringi. Maili 1,200 ni kilomita 1,930. Yaani mwongozo wa pili ni mkali karibu mara mbili ya kitabu. Langu si la injini hiyo, lakini kwa vipimo vyote viwili lilikuwa upande mbaya.

Nikaanza na vya bei ndogo. Boksi lililotandazwa chini ya gari usiku kucha lilinipa matone mawili, yakitoka kwenye gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ambayo kwa umri ule ilikuwa imekauka ikawa kama plastiki. Tukaibadilisha. Matone yakaisha, daftari halikutikisika. Kwenye maji ya rejeta hakukuwa na utando wa oili, na chini ya kifuniko cha oili hakukuwa na ule uji mweupe, kwa hiyo gasketi ya silinda hedi tukaiacha ilale.

Kisha valvu ya PCV. Hii inastahili sentensi zaidi kwa sababu mafundi wengi huiruka na ni ya bei ya chipsi kuku kwa watu wawili. Kila mlipuko ndani ya silinda hupenyeza gesi kidogo kupita kwenye ringi hadi kwenye sampu. Gesi hiyo lazima itoke, na hutolewa na kivalvu kidogo juu ya tapeti kava kinachoirudisha kwenye hewa inayoingia injini ili ichomwe. Kikiziba, presha hujikusanya chini na kusukuma oili popote penye upenyo. Kikikwama wazi, kinanyonya mvuke wa oili mchana kutwa. Kichomoe, kitikise karibu na sikio: kizima kinagonga ndani kama punje kwenye kopo. Cha kwangu kilikuwa kimya kabisa. Nikaweka kipya, na bomba lake. Lita 1 kwa kilomita 1,040. Afadhali, lakini si dawa.

Fundi wa pili, kijana mchangamfu wa jirani, akaniambia niweke 20W-50. "Weka oili nzito, sister, itakaa." Kitabu cha gari kinasema 5W-30. Nikajaribu miezi miwili. Ni kweli ilishuka polepole zaidi, lakini kila asubuhi injini ikawa inapiga kelele za vyuma sekunde tatu nne kabla ya kutulia, kwa sababu oili nzito inachelewa kupanda juu ikiwa baridi. Nikaona nimehamisha ugonjwa kutoka tumboni kwenda kwenye magoti. Nikairudisha ile ya kitabu.

Huyohuyo kijana lakini ndiye aliyenifanyia kitu cha maana: alipima kompresheni, yaani presha ambayo pistoni inaijenga ndani ya kila silinda. Akatoa plagi zote nne, akafunga geji, mimi nikapiga stata nimekanyaga mafuta hadi chini. Silinda ya kwanza psi 178, ya pili 175, ya tatu 176, ya nne 180. Akashangilia. "Ringi nzima hizi! Ni valvu sili." Mantiki yake ilikuwa safi. Vile vimpira vidogo vinavyovaa shingo ya valvu hukomaa kwa joto na umri, oili inateremka kando ya valvu gari likiwa limesimama, na asubuhi ukiwasha unaona moshi wa bluu unaoisha baada ya muda mfupi. Halafu Kitonga ikamuunga mkono. Unaposhuka mlima kwa gia umeachia mafuta, mlango wa hewa umefungwa huku magurudumu yanaizungusha injini kwa nguvu, kwa hiyo ndani ya silinda kunakuwa na mnyonyo mkubwa. Oili inafyonzwa, inakaa, na ukikanyaga tu inaungua yote kwa pamoja. Utingo anafunga kioo.

Tukabadilisha valvu sili zote kumi na sita bila kushusha hedi. Alisokomeza kamba kupitia tundu la plagi, akazungusha injini hadi pistoni ikaibana ile kamba dhidi ya valvu, basi valvu hazina pa kuangukia. Nilikaa kwenye kreti la soda nikimtazama saa sita nzima na sijutii, ilikuwa kazi nzuri ya mikono. Nikamlipa 220,000.

Kilomita 1,000 baadaye: lita 1 kwa 1,060. Hela yangu ilikuwa imenunua kilomita ishirini.

Dada yangu ndiye aliyenipeleka Buguruni kwa mzee mmoja mwenye gereji ya mabati matatu na mwembe. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza gari lina maradhi gani. Badala ya kueleza nikampa daftari. Akavaa miwani, akalisoma ukurasa kwa ukurasa bila haraka, kama daktari anavyosoma kadi ya kliniki, akafika mwisho akarudi ukurasa wa pili.

"Kompresheni nzuri, kijana akasema ringi nzima?"

"Ndiyo mzee."

"Hakukudanganya. Amepima mbili, amesahau ya tatu."

Kwenye meza yake kulikuwa na pistoni kuukuu iliyokandamiza risiti zisipeperuke. Akaipindua, akanisogezea. Pistoni ina mifereji mitatu. Ringi ya juu na ya pili ndizo zinazozuia upepo wa mlipuko usishuke, na ndizo geji inazipima. Ya tatu, ya chini, haina habari na upepo. Ni vyuma viwili vyembamba kama wembe na chemchemi ya bati katikati, na kazi yake ni kukwangua oili ukutani mwa silinda. Ile oili iliyokwanguliwa haina budi kwenda mahali, kwa hiyo nyuma ya ringi, ndani ya mfereji, kuna vitundu. Akachukua kipande cha waya wa feni akajaribu kukipenyeza. Hakikupita. Vitundu vilikuwa vimejaa kitu cheusi, kigumu kama ukoko wa sufuria.

"Oili iliyokaa muda mrefu inaungua inakuwa hivi. Ringi inagandia, haikwangui tena. Upepo unashika vizuri, gari ina nguvu, kompresheni 180. Na oili inapanda kila ikizunguka."

Akaniuliza nabadilisha oili kila baada ya kilomita ngapi. Hapo nilitafuta maneno. Kuna miaka miwili, wakati wa ujenzi, niliisukuma hadi 11,000, mara moja 13,000, nikiongeza tu juu. Hakunitukana. Alisema tu "Eeh," ile ndefu ya wazee.

Nikauliza: mbona sasa sioni moshi siku zote? Lita nzima inaungua, wapi inapitia? Alicheka, akaniambia nipige hesabu mwenyewe, na usiku nikaipiga. Ukienda mwendo wa 100, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, kilomita 1,000 zinachukua saa 10, ambazo ni mizunguko 1,500,000. Injini ya silinda nne hulipuka mara mbili kwa kila mzunguko. Milipuko 3,000,000 inagawana lita moja. Tone moja la kawaida, kama mililita 0.05, linatosha milipuko 150. Hakuna jicho litakaloona hiyo, na yale masega ya kwenye ekzosi huchoma sehemu ya kilichobaki kabla hakijatoka nje. Ndiyo maana gari linaweza kumaliza lita huku moshi wake safi, na mtu akaapa kwamba halili kitu. Masega nayo hulipa gharama: fosforasi iliyo kwenye oili inayaua taratibu. Langu lilikuwa limeshawasha taa ya injini kwa msimbo P0420, unaosema masega hayasafishi moshi vizuri, na nikawa nimeizima mara mbili kwa mashine ya rafiki, nikidhani ni mafuta mabaya.

Mzee hakuniamini mimi wala yeye mwenyewe kwa maneno. Mjukuu wake alikuwa na kamera ya waya inayounganishwa na simu. Wakaishusha kupitia tundu la plagi. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne, kichwa cha pistoni kilikuwa na masizi makavu ya kijivu. Ya tatu ilikuwa nyeusi inayong'aa, imelowa pembeni kote kama ukingo wa sahani iliyofutwa mkate. Ndiyo silinda yangu iliyokuwa inakula kuliko zote. Plagi yake nilipoitazama upya, na nilikuwa nimeishika mkononi mara tatu kabla, ilikuwa na mafuta kwenye nyuzi.

Njia ya uhakika ni kushusha injini, kutoa pistoni, kusafisha mifereji au kuweka pistoni na ringi mpya. Fundi wa kwanza, aliyenusa moshi, alikuwa karibu sahihi, na hilo linaniudhi hadi leo. Lakini mzee alisema tujaribu kuloweka kwanza, kwa kuwa injini bado ilikuwa na nguvu.

Tulifanya Ijumaa jioni. Injini ikiwa na uvuguvugu, plagi nje, akazungusha krenki hadi pistoni zote nne zikawa katikati ya safari, akamimina dawa ya kuyeyusha kaboni, mililita 50 kila silinda, kwa bomba la sindano. Kila baada ya saa kadhaa anazungusha kidogo mbele na nyuma. Jumamosi asubuhi akanyonya iliyobaki, akafunika matundu kwa matambara, akachomoa nyaya za koili na za nozeli, ndipo akapiga stata. Hapo usiharakishe. Ukirudisha plagi huku kuna kimiminika juu ya pistoni, kimiminika hakibonyei, kitakachopinda ni konekting rodi. Matambara yalitoka na rangi ya kahawa chungu. Kisha oili yote ikamwagwa, kwa sababu dawa imeteremka ndani yake, ikawekwa mpya na filta mpya.

Lilipowaka, mwembe ulipotea. Nasema kweli, dakika mbili hatukuuona. Jirani wa gereji akaja mbio na ndoo ya mchanga.

Kilomita 1,000 za kwanza: mililita 640. Tukarudia baada ya miezi mitatu, safari hiyo kwa silinda ya tatu tuliacha dawa siku mbili. Mililita 410. Toka hapo inacheza kati ya 380 na 450, nami nabadilisha oili kila 5,000 bila kusukumwa na mtu. Kwa mwendo wangu wa kilomita kama 15,000 kwa mwaka, nyongeza haifiki lita 7. Oili yangu ni 18,000 kwa lita. Milioni 1.4 ya ovahoo imebaki benki, au niseme imebaki kwenye mabati ya ile nyumba.

Pasaka tulikwenda tena Iringa, shemeji, ambaye sasa ana leseni na gari lake, akiwa nyuma yangu. Wakati wa kurudi nilimwomba jambo moja tu: tukimaliza Kitonga, nitakapokanyaga mafuta, atazame ekzosi yangu. Nilishuka mlima wote kwa gia ya pili, makusudi, mnyonyo uwe mkali kuliko kawaida. Pale chini nikakanyaga.

Ruaha Mbuyuni tukasimama. Akashuka anajinyoosha.

"Shemeji, moshi sijauona. Ila taa yako ya breki ya kushoto haiwaki."